Mizigo na Ukaguzi Unapobadilisha Ndege Njiani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wasafiri wa Unguja na Pemba

Maswali haya yamekusanywa mezani, katika ofisi ndogo ya tiketi mjini Unguja, kutoka kwa watu wanaokwenda Muscat kuwaona jamaa zao, Jeddah kwa Umra, London kwa watoto wao au Toronto kwa masomo. Yanamhusu abiria anayeondoka Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Abeid Amani Karume, Kisauni, au anayeanzia Pemba, na ambaye atabadilisha ndege angalau mara moja kabla ya kufika anakokwenda.

Nikikabidhi sanduku langu Kisauni, nitalikuta wapi?

Jibu limeandikwa kwenye ukanda wa karatasi ambao karani wa kaunta anaufunga kwenye mpini wa sanduku, nao abiria wengi hawausomi. Utazame kabla sanduku halijaondoka. Utaona jina lako la ukoo, namba ya ndege na tarehe, mistari myeusi inayosomwa na mashine, namba yenye tarakimu kumi, na herufi tatu zilizochapwa kwa ukubwa kuliko maandishi mengine yote. Herufi hizo tatu zinaonyesha mwisho wa safari ya sanduku, ambao si lazima uwe mwisho wa safari yako. Msafiri wa London anayepitia Doha anapaswa kuona LHR kwa herufi kubwa, na DOH kwa herufi ndogo kama kituo cha njiani. Akiona DOH ndiyo kubwa, basi sanduku litashushwa Doha, litazunguka kwenye mkanda wa mizigo, na halitapanda ndege nyingine mpaka mwenyewe alifuate.

Kwa hiyo muulize karani, "Mzigo huu unafika wapi?", na usione haya hata kama foleni nyuma yako imeanza kunung'unika. Kosa la herufi tatu hurekebishwa kaunta kwa dakika moja, lakini likigunduliwa ng'ambo linaweza kukugharimu siku tatu. Kipande kidogo cha lebo anachokubandikia nyuma ya pasipoti au kwenye kadi ya kupandia ndege ndiyo risiti yako, hivyo kipige picha kwa simu kabla hakijachanika. Bandua pia lebo za safari zilizopita pamoja na zile stika ndogo zenye mistari, kwa sababu mashine ya kuchambua mizigo haijui ipi ni ya mwaka jana.

Nimekata tiketi mbili mbalimbali kwa kuwa zimetoka rahisi. Je, mzigo utaunganishwa?

Kwa kawaida hautaunganishwa. Tiketi moja yenye safari zote ndani yake inalibana shirika lililokuuzia kukufikisha wewe na mzigo wako hadi mwisho, hata kama kipande kimoja cha njia kinaendeshwa na shirika jingine lenye makubaliano nalo. Tiketi mbili ni safari mbili zisizojuana. Ukitoka Unguja hadi Dubai kwa tiketi moja, kisha Dubai hadi Manchester kwa nyingine, sanduku linaishia Dubai. Utalazimika kupita uhamiaji, kulichukua, kupita forodha, kupanda tena hadi kaunta za kuondokea, kulipima upya kwa kiwango cha shirika la pili, na kukaguliwa kama abiria anayeanza safari.

Hapa ndipo wengi wanaponaswa, kwa sababu huwezi kulifikia sanduku bila kuingia nchini, wala kuingia nchini bila visa pale visa inapohitajika. Tumewahi kumpokea mzee aliyekaa ndani ya kiwanja siku nzima, analiona sanduku lake kwa mbali nyuma ya kioo, hana ruhusa ya kulifuata. Na ndege ya kwanza ikichelewa, shirika la pili halina deni nawe: litakuhesabu umekosa safari na tiketi itakuwa imekufa.

Angalia vilevile kama tiketi hizo mbili zinakutana katika kiwanja kimoja. Istanbul ina IST na SAW, Dubai ina DXB na DWC, London ina LHR, LGW na vinginevyo, na Nairobi ina NBO ya Jomo Kenyatta na WIL ya Wilson. Dar es Salaam kiwanja ni kimoja, lakini ndege za ndani na ndege za nje hutumia majengo tofauti, na kutoka jengo hadi jengo na masanduku mawili si jambo la dakika tano. Kwa maoni yetu, mtu mwenye tiketi mbili asijipangie chini ya saa tano baina ya ndege na ndege, na familia yenye watoto wadogo na masanduku sita iongeze pesa kidogo ikate tiketi moja. Urahisi wa zile mbili huishia kwa mpakiaji mizigo na chumba cha hoteli.

Tiketi yangu ni moja hadi Marekani. Kwa nini naambiwa nichukue sanduku njiani?

Kwa kawaida sheria ya forodha ya Marekani humtaka abiria akabidhiwe mzigo wake katika kiwanja cha kwanza anachokanyaga nchini humo, hata kama lebo inaonyesha mji wa mbele zaidi. Ukitua Washington na safari yako inaishia Columbus, utalichukua sanduku Washington, utapita nalo forodha, kisha utalikabidhi tena kwenye mkanda ulio mara tu baada ya mlango wa kutokea. Huhitaji lebo mpya, ila unahitaji muda. Saa moja na nusu ni kidogo mno pale ndege tatu kubwa zinapotua pamoja.

Nimeshakaguliwa Kisauni. Kwa nini nakaguliwa tena Doha, Addis Ababa au Istanbul?

Kwa sababu kila nchi inaamini mashine zake na macho ya maafisa wake. Sanduku lililo tumboni mwa ndege hukaguliwa huko huko chini bila wewe kuliona, lakini begi la mkononi utaliweka tena kwenye mkanda wa eksirei, pamoja na mkanda wa kiuno, saa, simu na pengine viatu. Ile chupa ya maji uliyoinunua baada ya ukaguzi wa Kisauni, na ukaruhusiwa kuingia nayo ndani ya ndege, itatupwa kwenye ukaguzi wa pili.

Kanuni ya vitu vya majimaji ilizaliwa Agosti 2006, polisi wa Uingereza walipozima njama ya kulipua ndege kwa vilipuzi vya maji vilivyofichwa kwenye chupa za vinywaji. Tangu hapo kipimo kilichoenea duniani ni chombo kisichozidi mililita 100, na vyombo vyote vikae ndani ya mfuko mmoja unaoonyesha wenye ujazo wa lita moja. Kinachohesabiwa ni ukubwa wa chombo, si kiasi kilichobaki ndani, hivyo chupa ya mililita 200 yenye mafuta ya nazi robo tu bado haipiti. Baadhi ya viwanja vya Uingereza na Ulaya vimeweka mashine mpya na kulegeza kipimo hicho, lakini hilo lisikutie tamaa, kwani safari yako inatawaliwa na kiwanja kikali kuliko vyote utakavyovipitia.

Neno "majimaji" nalo ni pana kuliko tunavyolitumia majumbani, maana linajumuisha chochote kinachomiminika, kupakwa au kubinywa. Mwandishi wa majibu haya aliwahi kubeba mkononi kopo la achari ya embe alilopewa na mama yake, limefungwa kwa kitambaa juu ya kifuniko. Afisa alilinyanyua kwenye taa, akaliinamisha polepole, akatazama mafuta mekundu yakishuka upande mmoja huku vipande vya embe vikiyafuata, akatikisa kichwa, akaliweka ndani ya pipa. Hakuna aliyekosea isipokuwa aliyelipakia. Achari, asali, samli, urojo wa kuchukua, sharubati na halua laini zote zikae ndani ya sanduku la kukabidhi, kila kopo katika mfuko wake na katikati ya nguo. Mililita hizi hazihusu maziwa ya mtoto mchanga anayesafiri nawe wala dawa unazozihitaji njiani. Ila zitoe kabla ya kuulizwa, na dawa iwe na karatasi ya daktari yenye jina lile lile lililo kwenye pasipoti. Mgonjwa anayetumia dawa kali za maumivu aulize mapema sheria ya nchi anayopitia, kwa kuwa Umoja wa Falme za Kiarabu, kwa mfano, huzibana baadhi ya dawa ambazo kwingine huandikwa na daktari kila siku.

Manukato niliyonunua kwenye maduka ya ndani ya kiwanja yatapita?

Yatapita ikiwa muuzaji ameyatia ndani ya mfuko maalumu unaofungwa kwa gundi, risiti ikionekana ndani, nawe hujaufungua mpaka umemaliza ukaguzi wa mwisho. Mweleze muuzaji kwamba una ndege nyingine mbele. Mfuko mwingine wa plastiki usiubebe, hasa ukipitia Kenya, ambako mifuko hiyo imepigwa marufuku tangu Agosti 2017, au ukirudi nyumbani, ambako imekatazwa vilevile.

Natoka Umra. Maji ya Zamzam niyabebeje ikiwa nabadilisha ndege?

Viwanja vya Saudia huuza chupa ya lita tano ikiwa ndani ya boksi lake, na boksi hilo hukabidhiwa peke yake likiwa na lebo yake. Kuficha chupa ndani ya sanduku la nguo kumekatazwa huko, na sanduku linaweza kufunguliwa au kuzuiwa. Hakikisha lebo ya boksi inaonyesha ZNZ, herufi za kiwanja cha Kisauni, kama ilivyo ya sanduku, kwa sababu ikiishia katikati ya njia, maji hayo hayatapita mkononi katika ukaguzi unaofuata: lita tano ni mara hamsini ya kipimo. Mwenye tiketi mbili aulize shirika la pili, kabla ya kuondoka nyumbani, kama litalipokea boksi na kwa malipo gani.

Je, viungo, karafuu, pweza mkavu na zawadi nyingine za nyumbani zinaruhusiwa?

Hapa milango ni miwili, na watu huichanganya. Mlango wa usalama unatafuta kinachoweza kudhuru ndege, na mlango wa forodha unatafuta kisichotakiwa nchini. Bizari, mdalasini wa kusaga na unga wa hina si hatari, lakini kwa ndege zinazoelekea Marekani unga unaozidi mililita 350 ndani ya begi la mkononi hukaguliwa zaidi tangu mwaka 2018 na unaweza kuzuiwa, kwa hiyo uuweke ndani ya sanduku. Nchi za Umoja wa Ulaya hazimruhusu abiria wa kutoka kwetu kuingia na nyama wala maziwa na vitokanavyo navyo, hata kiasi kidogo cha kula mwenyewe. Pweza na dagaa wakavu wana nafuu huko, ila harufu yao haina: wafunge mara tatu, la sivyo utavaa harufu hiyo mwezi mzima.

Karafuu ni habari nyingine, na kizuizi chake kiko huku huku. Paketi ndogo ya dukani, iliyofungwa na yenye risiti, ni zawadi. Kilo za karafuu za shambani bila kibali ni magendo, kwa kuwa zao hilo hununuliwa na Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar. Magamba ya kasa na matumbawe ya pwani usiyaguse kabisa, kwani biashara na usafirishaji wake unabanwa na mkataba wa kimataifa wa viumbe walio hatarini, na kitu ambacho hakikuonekana Kisauni kinaweza kuonekana vizuri sana Frankfurt.

Navaa buibui na hijabu. Ukaguzi utakuwaje?

Mashine ikilia, au afisa akitaka kukagua zaidi, una haki ya kuomba afisa mwanamke na chumba cha faragha. Omba kwa utulivu na mapema, kabla hajaanza kukugusa. Pini za chuma kwenye mtandio ndizo huliza mashine mara nyingi. Dhahabu ya harusi isiwekwe ndani ya sanduku hata kidogo. Mashirika mengi huandika katika masharti yao kwamba hayabebi dhamana ya vito na fedha vilivyomo katika mzigo uliokabidhiwa.

Pawabenki niiweke wapi?

Mkononi, na kamwe isiwe ndani ya sanduku la kukabidhi, kwa sababu betri ya lithiamu ikishika moto tumboni mwa ndege hakuna wa kuuzima. Kikomo cha kawaida ni wati-saa (Wh) 100, kipimo cha nishati iliyomo ndani ya betri. Kuanzia hapo hadi 160 unahitaji idhini ya shirika, na zaidi ya 160 haipandi. Kama imeandikwa mAh tu, zidisha kwa 3.7 kisha gawanya kwa 1,000: ya 20,000 inatoa wati-saa 74, nayo ni salama kwa kipimo. Ikiwa maandishi yamefutika, afisa anaweza kuichukua kwa sababu hana njia ya kujua. Kumbuka pia kwamba begi la mkononi linapochukuliwa mlangoni mwa ndege kwa kukosa nafasi, pawabenki inatoka kwanza.

Shangazi ameniomba nimpelekee mwanawe kifurushi. Nikatae?

Swali hili ni gumu kuliko yote yaliyotangulia, kwa kuwa kwetu kubeba amana ya mtu ni sehemu ya udugu, na anayekataa huitwa mwenye roho mbaya mpaka arobaini ya mtu mwingine. Hata hivyo katika viwanja vingi utaulizwa kama umepakia mzigo mwenyewe na kama kuna aliyekupa kitu, na jibu lako lina uzito wa kisheria. Kinachokutwa ndani ya sanduku lenye lebo ya jina lako ni chako, na hakuna afisa atakayempigia simu shangazi. Katika nchi kadhaa tunazopitia, adhabu za dawa za kulevya ni kali mno, na mirungi ambayo wengine huiona majani tu ni haramu kwa sheria nchini Tanzania na, tangu mwaka 2014, nchini Uingereza.

Tunachowashauri wateja ni kupokea vitu, siyo vifurushi. Mwambie, "Shangazi, niletee kikiwa wazi, nami nitakifunga mwenyewe." Kunjua kanga, vunja mkate wa ufuta vipande viwili, fungua kopo la udi, pekua soli ya kiatu. Mwenye nia njema hatachukia, au atachukia siku mbili. Anayeleta boksi limeshazungushiwa gundi usiku wa kuamkia safari, akiwa na haraka, arudi nalo. Na kifurushi cha mtu aliyejuana nawe kwenye foleni ya kaunta, anayesema mzigo wake umezidi kilo mbili tu, usikipokee hata kama ana watoto mikononi.

Nimechelewa. Sanduku linaweza kutangulia, nami nifuate kwa ndege ya kesho?

Haliwezi. Tarehe 21 Desemba 1988 ndege ililipuka juu ya mji wa Lockerbie, Uskoti, wakafa watu 270, na uchunguzi ulionyesha kwamba bomu lilikuwa ndani ya sanduku lililounganishwa kutoka ndege nyingine bila mwenyewe kupanda. Baada ya hapo kanuni ya kulinganisha abiria na mzigo ilikazwa: abiria asipoonekana mlangoni, sanduku lake hutafutwa na kushushwa, hata kama ndege nzima itachelewa. Ndiyo maana unasikia jina linaitwa mara tatu kwenye vipaza sauti.

Natoka Pemba. Kilo zangu 46 za safari ya nje zinakubalika kwenye ndege ndogo?

Ndege ndogo nyingi baina ya Pemba na Unguja huruhusu kilo 15 tu, nazo hazijali tiketi yako ya ng'ambo inasema nini. Wengi hutanguliza masanduku kwa boti kutoka bandari ya Mkoani, Pemba, siku moja au mbili kabla, yakapokelewa na jamaa mjini, kisha wao wakafuata kwa ndege. Usipange boti ya siku ile ile ya safari. Msimu wa kusi bahari haina ratiba.

Nimefika, sanduku halikufika. Nifanye nini?

Usitoke nje ya ukumbi wa mizigo. Nenda kwenye dawati la mizigo iliyopotea la shirika lililokuleta katika kipande cha mwisho, hata kama kosa lilitokea kwa shirika la kwanza, ukatoe taarifa ya maandishi. Utapewa namba ya kumbukumbu yenye herufi tatu za kiwanja, herufi mbili za shirika na tarakimu tano. Bila hiyo, simu zako zote za baadaye zitakuwa mazungumzo tu. Eleza sanduku kwa alama zake. "Jeusi, la kati, lina magurudumu" ni maelezo ya nusu ya masanduku yote duniani, bali "jeusi, limefungwa kitambaa cha kanga ya kisutu kwenye mpini, gurudumu moja limekatika" hupatikana. Ndani yake uwe umeweka karatasi yenye jina na namba ya simu ya mahali unapofikia, maana lebo ya nje huchanika. Wenye vifaa vidogo vya kufuatilia mzigo wavitumie. Vinaruhusiwa, na mara nyingine msafiri ndiye anayemwonyesha karani kwamba sanduku bado limelala Addis Ababa.

Mizigo mingi ya aina hii haikupotea, imekosa tu kuwahi ndege ya pili, na huletwa na ndege inayofuata. Wakati unaposubiri, nunua vitu vya lazima kama nguo za ndani, mswaki na dawa, ukihifadhi kila risiti. Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, ambao Tanzania imejiunga nao, unalibebesha shirika jukumu la hasara inayotokana na ucheleweshaji, uharibifu au upotevu. Kikomo chake tangu tarehe 28 Desemba 2024 ni vipimo 1,519 vya fedha ya hesabu ya Shirika la Fedha la Kimataifa kwa kila abiria, ambavyo ni kama dola 2,000 za Marekani na kidogo zaidi. Hicho ni kikomo na hulipwi chote kwa sababu tu sanduku limechelewa. Unalipwa hasara unayoweza kuionyesha. Sanduku lililovunjika lidaiwe kwa maandishi ndani ya siku 7 tangu kulipokea, lililochelewa ndani ya siku 21 tangu ulipokabidhiwa, na lisilofika baada ya siku 21 huhesabiwa limepotea. Kesi nayo ina miaka miwili. Tunazitaja siku hizi kwa ukali kwa sababu wengi wetu hungoja kwa adabu, wakirudi nyumbani na kusema Mungu atafungua njia, mpaka muda unapita.

Sanduku limefika Unguja siku nne baadaye, nami nimeshavuka kwenda Wete, Pemba. Nani atalileta?

Ikiwa tiketi yako iliishia ZNZ, wajibu wa shirika kwa kawaida unaishia Unguja, ingawa si vibaya kuomba walipeleke mbele, na wengine hukubali. Wakikataa, mtume jamaa aliye mjini akiwa na barua yako iliyosainiwa, nakala ya pasipoti yako, picha ya risiti ya lebo na ile namba ya kumbukumbu. Mpe pia namba za kufuli la sanduku, kwa sababu afisa wa forodha anaweza kutaka lifunguliwe mbele yake, na sanduku lisilofunguka halitoki ukumbini.